Wiki 27 kwa Kazi ya Wiki 42: Kisa cha Msimu wa Maigizo Chake Chake

Tuchukue kikundi cha maigizo cha mtaani, Chake Chake, Pemba. Kina watu 19: wanawake 7 na wanaume 12. Wawili ni wavuvi wa dagaa, watatu ni walimu wa skuli, mmoja ni fundi cherehani, na karibu wote, ukiwauliza mwezi wa Agosti, wana mikarafuu yao au ya wazee wao. Ukumbi wao wenyewe hawana. Hukodi ukumbi wa skuli wenye paa la bati na viti 180. Mwisho wa Mei 2026 wamekaa kitako wakaandika karatasi ya msimu ujao, michezo minne, kila mmoja siku mbili, Ijumaa na Jumamosi.

Wa kwanza, Julai 24 na 25, ni kichekesho cha ndoa ya mkeka, dakika 60, walichokitunga wenyewe. Wa pili, Oktoba 16 na 17, pia dakika 60, pia wa kwao: ndugu watatu wanagombania eka tatu alizopewa baba yao Serikali ilipogawa mashamba baada ya Mapinduzi ya 1964. Wa tatu, Desemba 11 na 12, ni visa vya Abunuwasi kwa watoto, dakika 45, uwanjani mwa skuli. Wa nne ndio mkubwa: Februari 19 na 20, 2027, Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Julius Nyerere na kuchapishwa 1969. Wameukadiria dakika 150.

Karatasi inapendeza. Kila mchezo una mwongozaji wake, rangi ya tangazo imeshachaguliwa, na mfululizo wenyewe una akili: kicheko kwanza, jambo zito katikati, watoto, halafu sherehe ya kufungia. Tatizo lake halionekani mpaka uchukue penseli.

Hesabu ya mazoezi

Kwa wachezaji wa mtaani, wanaofanya kazi mchana na kushika maneno usiku, dakika moja ya jukwaani hula kiasi cha dakika 48 za mazoezi. Hiki ni kipimo cha kupangia tu. Kichekesho cha watu waliozoeana kinaweza kupungua kidogo, na mchezo wenye lugha ya kishairi hupita hapo bila ya kuomba ruhusa. Kwa kipimo hicho, mchezo wa dakika 60 unataka muda wa saa 48 za mazoezi, Abunuwasi wa dakika 45 anataka saa 36, na Mabepari wa dakika 150 wanataka saa 120.

Kikundi hukutana mara tatu kwa wiki, saa mbili kila kikao. Hizo ni saa sita kwa wiki. Kwa hiyo kichekesho ni wiki 8, eka tatu wiki 8, Abunuwasi wiki 6, Mabepari wiki 20. Jumla wiki 42.

Sasa zihesabu wiki zilizopo. Kutoka Juni 1, 2026 mpaka Februari 20, 2027 ni wiki 38. Wanachama wenyewe, walipoulizwa, walisema hawataweza kukutana kwa wiki 9 za karafuu zikipamba moto. Wiki mbili za mwisho zimeangukia Ramadhani. Zinabaki 27. Kazi ya wiki 42 imetiwa ndani ya wiki 27, na hapo hatujatoa Maulidi, misiba, harusi wala mtihani wa skuli ambao walimu watatu lazima wausimamie.

Kuna hesabu ya pili, nayo ni mbaya kuliko ya kwanza. Mwanachama mzuri wa kikundi cha mtaani huhudhuria vikao 8 katika 10. Ukiwa na onyesho, yaani kipande kimoja cha mchezo, la watu watano, na kila mmoja ana mahudhurio hayo, uwezekano wa wote watano kuwapo siku moja ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani kama asilimia 33. Katika vikao kumi, vitatu tu ndivyo vyenye watu kamili. Onyesho la watu wawili linapata asilimia 64. La watu 12 linapata asilimia 7, maana yake ni kwamba halitafanyiwa mazoezi likiwa kamili mpaka usiku wa mwisho. Mwongozaji asiyeijua hesabu hii huishia kugombana na watu, akidhani wamemdharau. Hakuna aliyemdharau, ameita watu wengi mno kwa wakati mmoja.

Dawa yake ni kuukata mchezo vipande kwa idadi ya watu, si kwa mpangilio wa hadithi. Chukua karatasi ya mistari, kushoto andika vipande vyote vya mchezo, juu andika majina ya wachezaji, tia alama panapokutana. Vipande vya watu wawili na watatu vifanywe siku za kawaida. Vya watu sita na zaidi vingoje Jumamosi na Jumapili. Na kila nafasi iwe na mtu wa pili anayeishika kwenye mazoezi: anasimama pale, anasoma kwenye karatasi, ili mwenzake azoee kumtazama mtu badala ya ukuta.

Wanawake saba wana saa zao. Wengi wao hawatoki usiku kwa mazoezi ya miezi, na hata ambao waume au wazee wao hawana neno, njia ya kurudi ndiyo yenye neno. Wao wapo baada ya sala ya alasiri, saa 10 mpaka saa 12 kasoro. Wanaume wengi wapo baada ya Isha. Makundi haya mawili hukutana mwisho wa wiki tu. Kwa hiyo vipande vyenye wanawake watupu vipangwe alasiri za katikati ya wiki, na vile vya mume na mke viwe Jumamosi. Karatasi ya Mei iliandika tu "mazoezi saa 2 usiku, J3, J5, Ijumaa". Kwa mistari hiyo wanawake saba wameshafutwa, na hakuna aliyekusudia.

Tarehe nne, mitego mitatu

Februari kwanza, kwa sababu ni kosa linalorudi kila mwaka katika visiwa hivi. Mwaka 2025 kikundi kilicheza katikati ya Februari na watu wakajaa. Wakati ule ilikuwa Shaaban. Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi. Mwaka wa Hijria hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa miladia. Mwaka 2026 Ramadhani iliingia kiasi cha Februari 18 au 19. Mwaka 2027 inatarajiwa kuingia Februari 8 au 9, mwezi ukiandama. Februari 19 na 20 ni kumi la pili likianza. Watu wapo kwenye tarawehe, na mchezo wa kuigiza wenye kiingilio hauna mahali. Aliyenakili tarehe ya 2025 alinakili mafanikio ya mwezi mwingine.

Huenda pia Februari imevutia kwa sababu ya Unguja. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, hufanyika Februari, na mji hujaa wageni. Lakini tamasha hilo lina watazamaji waliosafiri kwa ajili yake. Mtazamaji wa Chake anakuja kwa miguu, au kwa gari kutoka Wawi na Ole, na lazima arudi usiku uleule.

Mtego wa pili ni Oktoba. Karafuu za Pemba huchumwa kiasi cha kuanzia Julai na kuendelea kwa awamu mpaka mwisho wa mwaka, mwaka mwingine nyingi, mwaka mwingine haba. Wanaopanga tarehe hufikiri mchana wa karafuu: watu wako juu ya miti, usiku watakuwa huru. Sivyo. Kinachochumwa mchana huchambuliwa usiku. Jamaa nzima, bibi, mama, watoto, hukaa kuzunguka rundo wakitenganisha karafuu na makonyo, kwa sababu asubuhi lazima ziwe kwenye jamvi juani. Zikilala na unyevu zinaharibika. Saa 2 na nusu usiku, saa ya pazia, ndiyo saa ya kuchambua. Mchezo wa ndugu wanaogombania mikarafuu, ukiwekwa Oktoba, utachezwa mbele ya viti vitupu, kwa sababu waliopaswa kuutazama wako nyumbani na mikarafuu yenyewe.

Kuna na fedha. Wakati wa kuchuma, mkulima ana jasho tu. Fedha zinakuja karafuu zikishakauka, zikapelekwa kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, na kupimwa. Mwenye mchezo wa kiingilio auweke baada ya mizani.

Desemba mtego wake mwepesi: mvua za vuli. Uwanjani hapana. Hata ndani ya ukumbi kuna jambo la kujua, nalo ni bati. Mvua kubwa juu ya bati lisilo na dari hufunika sauti ya mtu kabisa, na maikrofoni mbili za kukodi hazisaidii, kwa sababu spika zikiongezwa zinaanza kupiga mluzi. Kikundi chenye akili huwa na kipande cha mvua: ngoma na wimbo wa dakika sita hadi kumi, ambao wachezaji wote wanaujua na ambao unaweza kuingia popote. Mvua ikija, mkumbushaji anapiga ishara, ngoma zinaingia, watu wanapiga makofi, mvua ikipungua mchezo unaendelea kuanzia mstari uliokatiwa. Msipoliandaa, wachezaji watapiga kelele mpaka sauti zikauke, na siku ya pili hamna mtu mwenye koo.

Julai haina neno. Kusi linavuma, hewa ya kipupwe ni baridi kidogo, karafuu ndiyo kwanza zinaanza, na Idd el-Hajj imeshapita mwishoni mwa Mei, kwa hiyo wiki nane za mazoezi kuanzia Juni 1 ni safi. Usiku wa Julai 24 mwezi una siku kama kumi, unaangaza mpaka baada ya saa sita usiku. Watu watarudi wakiona njia. Kwa bahati au kwa akili, tarehe hii ilichaguliwa vizuri.

Mchezo mkubwa

Wanachama wengi waliupigia kura Mabepari kwa hoja mbili: jina lake linajulikana tangu skuli, na "Shakespeare hana mwenyewe". Hoja ya pili ina nusu ya ukweli. Shakespeare alikufa 1616 na Kiingereza chake ni cha kila mtu. Lakini kikundi hakichezi Kiingereza chake. Kinacheza Kiswahili cha Nyerere, na tafsiri ni kazi yenye haki zake. Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, na mkataba huo unailinda kazi ya fasihi, kwa uchache, miaka 50 baada ya kufa mwenyewe. Hesabu yake inafika mwisho wa 2049. Ruhusa lazima iombwe kwa mchapishaji, Oxford University Press, naye ataeleza kama haki ya kuchezwa jukwaani iko kwake au kwa warithi.

Barua ya kuomba ruhusa ikiwa fupi na kamili hujibiwa upesi kuliko barua ya heshima nyingi. Iseme: mchezo upi na chapa ipi, maonyesho mangapi na tarehe gani, viti vingapi, kiingilio kiasi gani, kama kutakuwa na kupunguza au kubadilisha maneno, kama kutarekodiwa. Hilo la mwisho husahaulika. Ruhusa ya kucheza ukumbini si ruhusa ya kuweka video mtandaoni, na siku hizi simu 40 zinarekodi kabla pazia halijafunguka. Nakala ya majibu iwekwe tayari kwa Ofisi ya Hakimiliki Zanzibar, COSOZA. Huko huko kuulizwe pia juu ya wimbo wa taarab uliomo katika kichekesho. Wimbo nao una mtunzi.

Abunuwasi, kwa upande wake, ni ngano. Mwenye kuvisimulia upya kwa maneno yake yuko salama. Mwenye kunyanyua mazungumzo kutoka kitabu kilichochapishwa hayuko salama, hata kama shujaa ni yuleyule mwerevu.

Turudi kwa Mabepari. Mchezo una wahusika wanaosema karibu 20, na wanawake ni watatu tu. Kikundi kina wanawake saba. Wanne watakaa nyuma ya pazia wakishona kanzu kwa wiki 20, na wanaume 12 watalazimika kugawana nafasi zaidi ya 15. Unaweza kuwapa wanawake nafasi za kiume, na mchezo wenyewe una binti anayejifanya mwanasheria wa kiume, kwa hiyo si jambo geni kwake. Lakini huo ni uamuzi wa kisanaa unaotaka kufanywa mapema, si kiraka cha wiki ya mwisho.

Na dakika 150 haziingii katika usiku wa Chake. Magharibi huingia kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 45 kwa kutegemea mwezi, Isha kiasi cha saa moja na dakika kumi baadaye. Watu watoke msikitini, wafike, wakae: pazia haliwezi kufunguliwa kabla ya saa 2 na nusu. Ongeza dakika 150 na mapumziko ya robo saa, umefika saa 5 na robo. Magari ya Ole na Wawi yameshalala. Watu wa mbali huanza kuondoka saa 4, mmoja mmoja, viti vikigonga sakafu, na hapo ndipo mwanasheria yule anaingia. Onyesho zuri kuliko yote linachezwa mbele ya migongo.

Rai yetu ni kuutoa mchezo mzima katika msimu huu na kubaki na kipande cha mahakama peke yake, dakika 25, ruhusa ikipatikana. Kwa kipimo chetu ni saa 20 za mazoezi, wiki nne hivi. Kipande hicho kinasimama chenyewe: kuna deni, kuna hati, kuna kisu, kuna ujanja wa maneno, na Mpemba anayejua kesi za mashamba hataki kuelezwa zaidi.

Vibali, jukwaa, taa

Vibali havina ugumu vikianzwa mapema. Kikundi kiwe kimesajiliwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU, na michezo ipelekwe huko ikiwa imeandikwa kikamilifu, si muhtasari. Tunashauri wiki sita kabla. Nakala ya kibali na barua ya taarifa ziende kwa sheha wa shehia yenye ukumbi, kwa polisi na kwa mwalimu mkuu. Kichekesho cha mtaani kina hatari yake hapa: wachekeshaji huongeza maneno kila usiku, na neno lililoongezwa halikupita popote. Waongeze chumvi kwenye mazoezi, liandikwe lililo zuri, na wiki mbili za mwisho mlango ufungwe. Sababu nyingine ni ya saa: kichekesho cha dakika 60 kisichofungwa mlango huvimba kufika dakika 85 usiku wa pili.

Jukwaa la kuweka na kuondoa: mbao sita za plaiwudi za futi 8 kwa 4, unene robo tatu inchi, zikipangwa zinatoa futi 16 kwa 12. Kosa la kawaida ni kuzilaza juu ya meza za skuli. Meza hazina kimo kimoja, na moja ikiteleza mchezaji anazama mguu. Tengeneza fremu sita za mbao za 2 kwa 4, kimo futi 2, zifungwe kwa bolti, si misumari, ili zikae misimu mitatu. Mbele tandika mikeka kwa watoto, safu nne, kisha mabenchi, kisha viti. Kwa mpango huo futi 2 zinatosha kwa mtu wa safu ya mwisho kuona magoti ya mchezaji. Mtu anayelala juu ya mkeka jukwaani, na ndoa ya mkeka haikosi mmoja, hataonekana na safu za nyuma. Mwinue juu ya kitanda kifupi au mkeka utandikwe kwenye mteremko.

Taa nane za LED za wati 100 na vyombo vya sauti vya wati 500 ni kama kilowati 1.3. Jenereta ya kVA 3 inatosha na nafasi inabaki. Iwekwe mita 25 au 30 kutoka ukumbini, upande unakokwenda upepo: Julai, kusi likivuma, iwe kaskazini mwa jengo, Januari, kwenye kaskazi, iwe kusini. Wengi huiweka karibu na dirisha la fundi wa taa kwa sababu waya ni mfupi, halafu wanashangaa kwa nini maneno ya upole hayasikiki. Umeme ukikatika, wachezaji wasisimame. Tochi mbili za kuchaji ziwe pembeni mwa jukwaa, walioshika wamulike aliye na maneno, na mchezo uendelee mpaka jenereta ishike. Mkilifanyia mazoezi jambo hili mara mbili, watazamaji watadhani mmekusudia.

Fedha

Kwa siku mbili: ukumbi shilingi 160,000, jenereta 100,000, mafuta 60,000, gari la spika la matangazo 40,000, maleba na vifaa 55,000, chai na nauli za wachezaji 100,000. Jumla 515,000. Kiingilio ni 2,000. Tiketi 258 ndizo zinazorudisha gharama, katika viti 360 vya siku mbili, yaani asilimia 72. Si haba. Kwa hiyo tiketi 100 za mwanzo ziwe zimeuzwa kabla ya wiki ya onyesho, kupitia duka la simu, fundi cherehani na walimu, kila mmoja na kitabu chake chenye namba. Mlangoni kaa watu wawili: mmoja anapokea fedha, mwingine anachana tiketi. Mtu mmoja akifanya yote mawili, watoto kumi wanapita chini ya mkono wake.

Karatasi ya pili

Kichekesho kibaki Julai 24 na 25.

Eka tatu ihamie Januari 2027, karafuu zimeshapimwa na kaskazi limekauka. Rai ya kwanza ilikuwa Januari 22 na 23, mwezi mpevu. Lakini Januari 23 ni jirani sana na usiku wa nusu ya Shaaban. Mwezi ukiandama mapema au ukichelewa, usiku wenyewe unaweza kuangukia onyesho. Wiki inayofuata ni harusi za kabla ya Ramadhani, kila nyumba ina kadi tatu, na baada yake kuvunja jungu. Hivyo Januari 15 na 16. Mwezi utakuwa nusu na utazama kiasi cha saa sita usiku, unatosha kuwafikisha watu nyumbani. Mazoezi yaanze Oktoba 19, mara mbili tu kwa wiki kwa sababu karafuu zingalipo, vipande vya watu wawili na watatu kwanza. Wiki 12, saa 4 kwa wiki, ni saa 48 zilezile. Wachezaji 11.

Abunuwasi apewe watu wengine sita, wafanye mazoezi Novemba na Desemba, apunguzwe mpaka dakika 30, halafu awekwe. Siku yake ni Idd el-Fitr, kiasi cha Machi 10 au 11, 2027, sikukuu mosi na sikukuu pili. Watoto wana nguo mpya na fedha za sikukuu mkononi, viwanja vya Tibirinzi vimejaa, na kiingilio cha 500 hakimshindi mtoto. Maonyesho matatu kwa siku, la kwanza saa 9 alasiri, la mwisho liishe kabla ya Magharibi. Iwe ndani au chini ya turubai, kwani masika huenda yameshaanza kunusa. Kukumbushana maneno ni vikao viwili baada ya tarawehe katika kumi la kwanza au la pili. Kumi la mwisho liachwe.

Kipande cha mahakama, kikipata ruhusa, Juni 18 na 19, 2027, masika yamepita, mwezi mpevu. Kitangulizwe na kichekesho cha Julai kilichofufuliwa, ili usiku utimie. Ruhusa isipokuja kufikia Machi 31, kichekesho kiende na eka tatu, na watazamaji waambiwe mapema.

Kuna fundo moja halijafunguka. Mmoja wa wavuvi wawili amepewa ndugu wa kati katika eka tatu, nafasi yenye maneno mengi kuliko zote. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mpevu. Wavuvi wake hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya tarehe 15 ya mwezi mwandamo. Kwa mazoezi hilo ni jepesi: vipande vyake vyote vipangwe kati ya tarehe 11 na 19 za Kiislamu, kila mwezi, naye atakuwapo. Lakini Januari 15 na 16 ni tarehe sita na saba za Shaaban, na giza la baada ya saa sita ni giza la kazi. Kukosa bahari siku mbili ni kukosa mgao wa siku mbili. Nahodha aulizwe mwanzoni mwa Desemba, si Januari 14. Akikubali mchezaji aondoke ukumbini saa 4 na kuwahi chombo kikisubiri mwezi uzame, basi mchezo uanze saa 2 na nusu kamili bila hotuba ya mgeni rasmi. Akikataa, nafasi aishike mwalimu aliyekuwa akisimama badala yake kwenye mazoezi, naye mvuvi apewe ya mzee wa baraza katika kipande cha kwanza, dakika sita, kisha aende zake.